Mstari Wenu Umerudisha Posa ya Lukelo

Ndugu zangu Wahesabu wa Kazi za Kompyuta za Dunia Nzima,

Ndiyo, sasa, jana bando lilipokata nilikuwa nimefika pale Mzee Valeriani anatafuta miwani. Shikamooni nilishawapa, sirudii.

Basi akaivaa. Mimi ndiye mshenga, nimekaa mkekani kwake Mlabani, barua ya posa iko mbele yake kwenye kitambaa cheupe. Anayeposa ni Lukelo, kijana wa jirani yangu, anamtaka Tekla, binti wa huyu mzee. Lukelo anaandika programu za kompyuta, bosi hana. Kazi anaziokota kwenye lile soko la mtandaoni, mtu wa popote anatangaza, fundi wa popote anaomba. Na ninyi ndio mnaolichungulia soko hilo kila mwezi, mnahesabu matangazo, halafu mnachora mstari: nchi hii inapanda, ile inashuka.

Mzee akaukunjua mstari wenu wa Tanzania, kauchapisha kwa Ahmad wa steshenari. Mwezi wa nne umepanda kama mnara wa simu. Wa tano, puu, chini. Sasa Mzee Valeriani amepima watoto kliniki miaka thelathini, akausoma kama kadi ya mtoto! "Mama Elineema," ananiambia, "huyu kapungua uzito. Mkampe uji wa lishe. Akipanda miezi miwili mfululizo, mje." Barua akanirudishia. Huko jikoni Tekla kaangusha sufuria.

Kwa hiyo nalalamika, kwa heshima zote:

1. Hamkupiga hodi. Mtoto wa watu mnamchora anaporomoka, mama yake hamkumuuliza kama anakula? Anakula. Wali sahani mbili, mimi shahidi.

2. Mnahesabu ya mtandaoni tu. Lukelo kamtengenezea Ahmad programu ya kujua karatasi zimebaki ngapi dukani, wamekubaliana wamesimama mlangoni, mmoja anatafuna muwa. Hiyo iko wapi kwenye mstari? Huku kazi inatangazwa kwa mdomo, na mdomo wenyewe mara nyingi ni wangu. Mngeniuliza!

3. Mzee kaubandika ukutani, kaupaka rangi kama ile kadi, juu kijani, chini nyekundu. Wazee wenzake wakaja kuona, wakapenda. Sasa Evaristo fundi redio, anaposa Kibaoni huko, naye kaambiwa alete mstari wake. Atautoa wapi? Wiki ijayo zamu ya wauza dagaa. Jamani, Ifakara nzima tutakosa wajukuu kwa ajili ya penseli yenu.

4. Naomba muupandishe kabla ya Jumamosi, narudi na barua. Kidogo tu, uguse kijani. Mkikosa pa kuutoa huo uzito, chukueni kwa zile nchi zilizonenepa, hazitakufa. Mkishindwa kabisa, njooni na mzani, Lukelo apande Mzee akiona kwa macho yake.

Nisalimieni wake zenu, waume zenu, watoto, na yule hasa anayeshika penseli, mwambieni sina kinyongo naye mpaka Jumamosi.

Ni mimi ninayewaombea mkono mwepesi,
Fausta, mama Elineema,
Mshenga, Lipangalala.

Nyongeza: Ule mwezi wa nne, nilisahau. Nilitaka soko lionekane limechangamka kabla sijapeleka posa, nikawaambia wenzangu wa kwaya kila mmoja atangaze kazi. Zikafika arobaini na moja. Mwezi wa tano tukaingia shambani kuvuna mpunga, nani atatangaza? Kwa hiyo huo mstari, tuseme ukweli, ni sisi. Ya kwangu ilikuwa programu ya kuhesabu bata, malipo mchele. Nikamwambia Lukelo aiombe, kasema ana usingizi. Akaichukua kijana wa nchi ya mbali huko, siku mbili imefika, inahesabu mpaka bata aliye chini ya kitanda. Na adabu! Mchele kasema niwape watoto. Sasa ninyi mnaowajua watu wa soko lile, huyu ana mke? Maana mstari wa kwao Mzee Valeriani keshauona, ni kijani tu, na Tekla naye ukimwangalia vizuri

Haya, naitwa uani. Mama Lukelo huyo, na anakuja huku huku, ngoja niifiche hii sim