Hakuna Mungu Chooni Kwetu

Binti yangu Li Theng anaonyesha picha zake Ukumbi wa Ukoo. Picha za wazee wa uchochoro huu, alizozisafisha mwenyewe gizani kwa dawa na mabeseni, si hizi za simu ambazo hata mtoto anayenyonya hupiga kwa kidole cha mguu.

Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Hekalu, Mzee Lim, salamu zimechelewa kwa sababu habari hiyo isingengoja. Goti linaendeleaje? Sisi hatujambo, isipokuwa choo.

Li Theng husafishia picha chooni, ndicho chumba pekee kisicho na dirisha. Kazi ile haitaki mwanga ila mwekundu, basi nikampa balbu nyekundu ya madhabahu ya mababu, kama zile ziwakazo mbele ya miungu uchochoro mzima. Mababu nimewawekea ya njano, hawajalalamika. Ninaowalalamikia ni walio hai.

1. Jirani yangu Bibi Gaik Sim alikuja kuazima chungu, akaona wekundu chini ya mlango, akasikia maji yanatiririka, akapiga magoti. "Nyamazeni, mungu anaoga." Tangu siku ile wanawake wanakuja na machungwa na ubani. Juzi mmoja akafungua mlango, eti mungu apate hewa. Mwanga ukaingia, picha ya Mjomba Kok Weng ikatoka nyeusi yote kama sufuria ya mkaa. Ndiyo ya kutundikwa mbele ukumbini, na karatasi ya picha imebaki moja tu. Nyingine huagizwa ng'ambo. Mjomba ni mtu mzima sana. Aliposikia yake imetoka nyeusi, alikuja kuniuliza kama nimeambiwa jambo la siku zake ambalo yeye bado hajaambiwa.

2. Mume wangu akibanwa hukimbilia mkahawani. Kule kutumia choo bila kununua kitu ni aibu, basi hunywa kahawa, na kahawa humrudisha chooni. Sijamwona sawasawa tangu Jumatatu.

3. Hili ndilo zito. Bibi Gaik Sim alimuuliza huyo mungu pale mlangoni kama amposee mwanawe binti wa fundi cherehani. Li Theng huko ndani akadhani ni mimi naulizia picha, akajibu, "Ngoja kwanza, sura haijatoka vizuri." Bibi akamgeukia mwenzake: "Umesikia? Si nilikwambia ile pua ina walakini." Posa imevunjika, na mama wa binti hanisalimii sokoni.

Kwa hiyo naiomba Kamati, kwa heshima zote, itangaze kwamba chooni kwetu hakuna mungu, na taa nyekundu zote za uchochoro zizimwe mpaka maonyesho yapite, ili watu wasahau mazoea. Ikishindikana, mungu ahamie kwetu rasmi, nasi tupewe choo cha hekalu.

Nisalimie Mama Lim, wajukuu, wapiga ngoma wa hekalu, na Bibi Gaik Sim pia, ila yeye kwa mbali.

Ni mimi, mama mzazi wa mpiga picha,
Khor Swee Lian

Tanbihi: Tangazo lisitoke kwanza. Jana Li Theng aliingia na ile karatasi ya mwisho. Nikashikwa na hofu, nikawasha ubani, nikapiga magoti mlangoni nikaomba kwa sauti. Mjomba ametoka vizuri mpaka unywele wa nyusi. Sasa sitaki kumuudhi aliyemo, awe nani awe nani. Njooni nyote ukumbini mwone kazi ya mwanangu, Jumapili hii asubuhi.