Ndege Niliyemwitia Veterineri

Leo nimeadhirika, jamani. Aliyeniadhiri ni ndege, na uzito wake hauzidi mayai mawili.

Mnajua nina kuku sitini wa mayai hapa nyumbani Gisenyi. Ndio ada ya watoto, ndio sabuni, ndio kila kitu. Asubuhi nimeshuka ziwani kununua makombo ya sambaza, vile visamaki vya Kivu ninavyowachanganyia kwenye chakula. Pale pale vinapoanikwa, namwona ndege mdogo, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, anatembea kwenye mawe huku anatikisa mkia. Juu, chini. Juu, chini. Hapumziki!

Kideri! (Mwaka niliohamia hapa kutoka Karagwe, ugonjwa huo uliniulia kuku wote kwa wiki moja. Walianza hivyo hivyo, kwa kutetemeka.) Nikamrushia kokoto. Akaruka chini chini, karibu aguse maji, mbawa zinatetemeka, akatua hatua chache mbele. Hana nguvu, nikasema. Tena yuko peke yake. Wenzake wamemkimbia! Na jana kuku wangu wamekula sambaza za hapo hapo.

Nikampigia simu veterineri wa sekta, yule daktari wa mifugo. Nikampigia na jirani yangu Mama Furaha, awafungie kuku wake. Naye kwa utiifu hana mfano: kawafungia wote wanne bafuni, mumewe kaenda kazini bila kuoga. (Hilo nimelijua baadaye.)

Veterineri alipofika na pikipiki yake, mimi nilikuwa nimejifunga kitenge mdomoni na mifuko mikononi, nimewazuia watu kama kumi nyuma yangu, Mama Furaha akiwemo. Nilikuwa mkuu wa mkoa kabisa!

"Iko wapi mugonjwa?" akauliza huku anavaa barakoa.

Nikamwonyesha kwa fimbo. Akatazama. Akaendelea kutazama.

"Anakula?"

"Anakula sana, dokta. Tangu nifike hajaacha kudonoa wadudu."

"Bon. Dalili ni gani?"

"Anatikisa mkia. Anaruka chini chini, mbawa zinatetemeka. Na amejitenga."

Akavua barakoa. Nikajua anaivua ili acheke vizuri.

"Mama Kesia, we umenielezea huyu ndege kupita kitabu! Ni kitwitwi. Anatokaka Ulaya, anakimbia baridi ya kule. Kutikisa mukia ni mwendo yake. Kuruka vile ni kuruka yake. Na kwa maji anapenda kuwa yeye peke. Tunamujuaka kwa hizo tatu."

(Ametoka Ulaya yote hiyo bila karatasi. Mimi kuvuka mpaka kwenda Goma hapo tu naulizwa kitambulisho.)

Mama Furaha, mzaliwa wa Goma, akapaza sauti: "Eh! Kumbe kutikisa matako ni ugonjwa? Basi sisi batu ya Congo tungeisha kufa bote!"

Watu walicheka mpaka wanawake wa sambaza wakaacha kuanika. Ndege wala hakugeuka. Juu, chini.

Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye jiwe nikalia, na ile mifuko yangu mikononi. Hofu ilikuwa inatoka. "Kwa hiyo kuku wangu...?"

"Uliwachanja?"

"Niliwachanja."

"Donc unalia nini? Twende tuwaone."

Tumepanda naye hadi nyumbani. Nimefungua banda huku nimefumba macho. Wakanivamia miguuni wote, makelele, njaa, mmoja ananidonoa buti. Sijawahi kudonolewa nikafurahi vile! Veterineri kawakagua, wazima wote, kaondoka na tabasamu lake.

Basi chekeni, nimeruhusu. Ila jioni Baba Furaha akirudi na jasho lake la tangu jana, naomba asijue nani aliyempangishia kuku bafuni.