Mshindi Kati ya Windows, Linux na Macintosh Atangazwa Karatu

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye tumearifiwa yuko njiani ila gari limemkwama Rhotia; waheshimiwa viongozi wote kwa nafasi zenu, na msio na nafasi kwa matumaini yenu; mapadre na wachungaji; wazee wa Qurus mlioacha ngano shambani; kiongozi wa rika Mzee Tajewo na ujumbe wako mliotembea siku mbili kutoka Olbalbal; walimu, akina mama wa kwaya, wauza vinyago kwa watalii; na mama mzazi wa kijana Noel, mtaalamu wa kompyuta jijini Arusha, mama ambaye ni mimi mwenyewe, Verediana: itifaki yote imezingatiwa. (Makofi. Kwaya inapiga vigelegele kabla ya muda wake.)

Ndugu wananchi, nimesimama hapa mwaka huu wa 2003, mimi niliyeishia darasa la saba, nikiwa Mwenyekiti wa Kamati Teule ya Kulinganisha Mifumo Endeshi ya Kompyuta kwa Urahisi wa Matumizi ya Kila Siku, kamati ambayo kwa kipindi cha miaka minne mfululizo imefanya vikao themanini na sita, warsha tisa, na kapasiti bildingi mbili, moja ikiwa na chakula cha mchana. (Sauti: "Moja tu?") Moja tu, baba. Ile nyingine tulikula jioni.

Kwa wale wasiojua, mfumo endeshi ndio akili ya kompyuta, ndio unaoiambia iamke, ifungue barua, ichape, ilale. Bila huo, kompyuta ni kama televisheni iliyopigwa na radi. Haya si maneno yangu, ni ya Noel, aliyeniandikia barua ya kurasa sita kwa mwandiko ambao mwalimu wake hapa, mwalimu Leonida, anaweza kuutolea ushuhuda. Simama, mwalimu, wakuone. (Mwalimu Leonida anasimama nusu.) Ndiye aliyemfundisha. Lakini akili alizaliwa nazo.

(Msichana aliyevaa shuka jekundu juu ya sare ya shule ananyosha mkono.) Namuona Nareyu wangu kutoka Piyaya. Subiri, mwanangu. Najua kesho Jumatatu saa tatu una usaili wa kazi ya mapokezi kwenye ile hoteli ya juu ya kreta, na wamesema sharti la kwanza ni kutumia kompyuta, na tulikuahidi utaigusa leo baada ya uzinduzi wa chumba hiki cha kompyuta. Hotuba hii ndiyo uzinduzi. Kaa.

Sasa nieleze tulivyofanya kazi, maana kuna watu wanapita vilabuni wakisema kamati ilikuwa inakula tu. Kwanza tulifanya ziara ya mafunzo Arusha, wajumbe kumi na nne, kwenda kuzichunguza kompyuta zenyewe kwa macho. Tulifika Jumapili. Duka lilikuwa limefungwa. Hatukukata tamaa! Tulisimama nje kwa saa nzima tukazilinganisha kupitia kioo, na ripoti yetu ukurasa wa tatu inasema wazi kwamba zikiwa zimezimwa, zote zinafanana kwa utulivu. (Makofi ya meza kuu.)

Pili, tuliporudi, tulichukua barua za Noel tukazichora kwenye karatasi za manila: manila moja Windows, moja Linux, moja Macintosh, kila kitufe mahali pake kwa rangi. Tukatengeneza kipanya cha gunzi la hindi lenye kamba ya mkonge, na vijana wetu wakafanya mazoezi mwaka mzima, na huyu Nareyu, nasema mbele ya baba yake, amefikia kiwango cha kubofya gunzi mara mbili bila kuliangalia. (Vigelegele. Nareyu: "Mama, lakini halifungui kitu!") Kwenye manila hakufunguki, mwanangu. Hiyo ni nadharia.

Nije kwenye matokeo. Macintosh, kwa mujibu wa Noel, ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu anayeanza, kipanya chake kina kifungo kimoja tu, na katibu wetu Mzee Lazaro wa Qurus aliisifu akisema, "Kimoja kinatosha, mimi kwa kikombe kimoja cha chai sikamui chuchu nne." Lakini tuliikataa, kwa sababu ikiharibika Noel hamjui hata mtu mmoja Arusha wa kuitengeneza, na asiyejulikana na Noel kamati haiwezi kumtambua.

Linux ni bure. Nilipoisoma sentensi hiyo kikaoni, wajumbe walihuzunika. Kitu cha bure kitaombewaje fungu? Kitafanyiwa semina gani? Isitoshe, Noel anasema mara nyingi inabidi uiandikie amri kwa maneno, herufi kwa herufi, na ukikosea haikufikirii. Mzee Tajewo aliuliza swali zito: "Ni nani anayemwamuru mwenzake, mimi au hiyo?" Tulipomjibu ni yeye, akasema basi ni nzuri. Tulimshukuru tukaendelea na ajenda.

Ndipo ikaja Windows. Ina kitufe kimoja pale chini, kila kitu kinaanzia hapo, hata kuzima unaanzia pale pale pa kuanzia, jambo ambalo sisi wazoefu wa serikali tulilielewa upesi kuliko vijana. Tena Noel ameandika kwamba umeme ukikatika, ukiiwasha tena inakuandikia kwenye kioo kwamba wewe hukuizima vizuri. Wewe! Umeme umekatwa huko ulikokatwa, lakini wa kujieleza ni mwananchi aliyekaa mbele yake. (Kicheko nyuma. Meza kuu haicheki.) Wajumbe wote walisimama kupiga makofi. Tulisema, huu ni mfumo uliokomaa kiutawala.

Lakini sisi ni wanademokrasia, tukapigisha kura ya foleni: kila manila ikabandikwa ukutani na watu wakapanga mstari nyuma ya waitakayo. Windows iliongoza kwa asilimia sabini na tisa, Macintosh ishirini na mbili, Linux tatu, jumla asilimia mia na nne, ambayo ni mahudhurio ya kihistoria. (Sauti ya mama: "Windows ilikuwa upande wa kivuli!") Mama Dorkasi, hilo limo kwenye kiambatisho.

Mfumo endeshi! (Wananchi: "Oyee!") Urahisi wa matumizi! ("Oyee!") Ulinganisho endelevu! ("...")

Na sasa shukrani. Nawashukuru wajumbe kwa miaka minne ya kutolala, isipokuwa vikaoni. Nawashukuru fundi na wapaka rangi wa chumba hiki, mlango ni mzuri sana. Na kwa namna ya pekee namshukuru mfadhili wetu, aliyetuandikia mwaka 1999 kwamba ana kompyuta kumi na jenereta lake, akituuliza swali moja tu, tungependa ziwe na mfumo upi, swali ambalo leo tumelijibu kisayansi. Na ambaye kwa barua yake ya mwaka juzi alitufahamisha, kwa lugha ya heshima kabisa, kwamba alichoka kusubiri na zote kumi ameshawapa watu wengine. (Nareyu anasimama. "Kwa hiyo humo ndani hamna, Mama?")

Humo ndani kuna manila, mwanangu. Usilie mbele ya wageni. Kesho ukifika pale wakikuuliza kama unajua kompyuta, simama wima, kwa kuwa wewe ni mtoto wangu kama Noel, useme unatoka kata iliyozilinganisha zote tatu.

(Nareyu: "Na wakinikalisha mbele ya kompyuta?")

Wakikukalisha mbele yake, mwanangu, washa, gusa, uangalie vizuri, kisha urudi hapa utueleze, maana meza kuu yote hii hakuna aliyewahi kuigusa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.