Mjane wa Pili wa Kabambare

Na ijulikane kwa kila mkaazi wa Kabambare, mwenye pikipiki na mwenye miguu yake tu, ya kwamba Tume ya Kutenganisha Ukweli na Ngano juu ya Shujaa wa Vita imeundwa, imeapishwa na imepatiwa viti. Mwenyekiti wake ni Bwana Ruphin, aliyekuwa na cheo kabla ya vita, akapata kikubwa zaidi baada yake, na vita yenyewe ikapita bila mtu kujua alikuwa wapi.

Haja ya tume ilikuwa bayana. Watu walisema mengi mno juu ya Bibi Safi binti Kasimu: ya kwamba wenye silaha walipoingia mjini alizigeuza risasi kuwa maji, ya kwamba aliuvuka mto Luama kwa kutandika mkeka, ya kwamba nyuki walipokea amri kwake. Nyuki wanaopokea amri nje ya utaratibu ni jambo lisilovumilika serikalini.

Bwana Ruphin alizichambua habari hizo kwa uadilifu. Risasi kuwa maji: ngano, kwani visima havikuongezeka. Mkeka: ngano, kwani mto haukuwa umefunguliwa rasmi kwa mikeka. Mwanamke kuwazuia wenye bunduki mlangoni pake: hiyo ndiyo ngano kuu, kwani hakuwa ametumwa na mkubwa yeyote. Ukweli uliobaki ulikuwa mmoja, naye aliutunga mwenyewe: mji uliokolewa na Bwana Ruphin, akiongoza kutoka mahali pa siri.

Kwa nguvu ya ukweli huo, msingi wa saruji ulikwisha kujengwa njia panda, na fundi kutoka Kasongo alikuwa amekwisha kufinyanga kidevu cha sanamu ya mwenyekiti. Saruji ilitosha sanamu moja tu. Kilichobaki ni muhuri wa Madame Emilienne, mjumbe wa jimbo, mbele ya hadhara. Pasipo muhuri, kidevu kile ni udongo. Bwana Ruphin alikitamani kisimame pale njia panda kama mgonjwa anavyotamani usingizi.

Siku ya kikao, Bibi Safi akaingia, tasbihi mkononi, akapewa kiti.

"Mama," akasema Bwana Ruphin, "tume inakushukuru. Swali ni moja: unakubali sanamu ao unakataa?"

"Sanamu? Miye Muislamu, baba. Niwekwe mu njia panda, mbuzi wajikune kwangu? Nakataa."

"Andika!" mwenyekiti akamwambia karani, na moyo ukamdunda kwa furaha. "Amekataa. Basi kikao kime..."

"Ngojeni," akasema Madame Emilienne. "Mama, ile siku mambo yalikuwa namna gani?"

"Bwana wangu alikuwa amekufa, Mungu amurehemu. Nilikuwa mu chumba ya eda. Mujane wa eda, mwanaume wa inje haingie kwake. Nyuma ya nyumba walijificha wanawake na watoto wa mutaa muzima. Wale wakafika na bunduki. Nikasema: kama muko watoto wa Waislamu, huku kuko wajane, rudini. Mukubwa wao akasimama. Ilionekana alisoma Korani chuoni. Anafikiri, anatazama mulango. Ni hapo mwenzangu akaanza kulia."

"Mwenzako nani?"

"Mujane wa pili, alijifunika leso yangu. Ee Mungu, kilio kile! Kilitoka tumboni, kikapanda, kikavunjika, kikaanza upya. Mukubwa akatoa pole, akaondoka na watu wake. Miye nilisema maneno tu. Ni kilio ndicho kiliwafukuza."

"Na jina lake?"

"Aliniomba kwa Mungu nisimutaje. Sitamutaja."

Bwana Ruphin akajipangusa jasho shingoni. "Ngano," akatangaza. "Mjane asiye na jina hawezi kuthibitishwa."

Lakini Madame Emilienne alikuwa akifuta machozi. "Prezida, hongera! Tume yako imegundua shujaa. Sanamu ni ya mujane wa pili. Fundi, badilisha kidevu. Iko mutu anamujua?"

Hapo akainuka Mama Régina wa kule Wamaza, ambaye vita nzima aliipitisha mbali huko Kindu, na hadhara yote ilijua. "Ni miye," akasema. "Nilinyamaza kwa unyenyekevu."

"Lia basi, tusikie."

Mama Régina akalia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeunguza wali.

"Bibi Safi, ni yeye?"

"Niliahidi. Sisemi ndiyo, sisemi hapana."

"Basi kunyamaza ni kuridhia," akasema Madame Emilienne, akauchovya muhuri katika wino.

Bwana Ruphin alikuwa na njia mbili. Akinyamaza, heshima yake itabaki nzima, na uso wa Régina utakaa juu ya saruji yake mpaka kiama. Akisema, basi. Alijikaza. Muhuri ukainuliwa. Akajikaza tena, akashindwa.

"Uongo!" akapiga kelele. "Kilio hakikuwa vile!"



"Weye ulijuaje, Prezida?" akauliza Mama Régina. "Si ulikuwa mahali pa siri?"

 Mwenyekiti wa tume aliivuta nguo ya meza, akajifunika gubigubi, akaachilia. Kilio kikatoka tumboni, kikapanda, kikavunjika, kikaanza upya, hata karani akaacha kuandika, akasoma Fatiha.

Madame Emilienne akagonga muhuri. "Ukweli umethibitika. Fundi, kidevu kibaki. Ongeza leso."

Bibi Safi akasogea, akamfunua uso taratibu kama afanyavyo jirani mwema msibani.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Sasa twende nyumbani. Siku ile uliondoka mbio, na eda yako haijaisha."