Shabaha Kumi na Tisa za Zimamoto

Jumatatu, 1 Septemba 1975
Dhuluma! Ijumaa wanakuja wageni kutoka mkoani kukagua kikosi. Mkuu wetu, Ndugu Crispin, akataka shabaha za zimamoto ziandikwe kwenye ubao wa getini. Nimeshika mpira wa maji miaka kumi na mmoja, nani azijue kunizidi? Nikaandika shabaha kumi na tisa. Damari, dada wa simu aliyeajiriwa juzi tu, akaandika tatu: okoa watu, zima moto, fundisha wananchi. Mkuu akachukua za Damari! Ati hata ubao una mwisho.

Jumatano, 3 Septemba
Nimewaza. Maneno ni rangi tu, vitendo ndivyo vinavyoonekana. Ijumaa saa nne kamili, wageni wakiwa wameketi, utatokea moto mdogo nyuma ya soko. Moto wenye adabu. Nitafika wa kwanza na kuuzima mbele ya macho yao. Unaibu Mkuu uko wazi. Nani atapewa? Dada wa simu?

Alhamisi, 4 Septemba
Nimekusanya mabua makavu. Mama Severina, mpika pombe ya komoni huko nyuma ya soko, akaniuliza ya nini. Nikamwambia ni siri ya serikali. Akajibu: “Baba, siri yenyewe iko hatua tatu tu kutoka paa langu la nyasi.” Mpika pombe anifundishe mimi moto!
Jioni nimeosha gari la zimamoto mpaka likang'aa. Maji ya bomba yalikatika, nikatumia ya tangi la gari. Akili ni mali.

Ijumaa, 5 Septemba
Wageni hawana nidhamu! Saa nne walikuwa bado njiani, huko Nyololo, wamepata pancha. Ningejuaje? Nilishawasha. Nikakimbia kituoni kungoja simu. Mkuu akanikuta nimevaa kofia ya chuma na mabuti, akauliza kuna nini. Nikamjibu hakuna kitu. Papo hapo simu ikalia.
Tulipofika, upepo ulikwisha kuruka na cheche hadi kwa Mama Severina. Nikaelekeza mpira. Ukakohoa mara mbili, ukanyamaza. Tangi tupu!
Mama Severina akapiga yowe kwamba baba yake, Mzee Asukile, amelala ndani, na mzee hasikii. Miguu yangu ikagoma. Kweli, iligoma. Damari, aliyeacha simu akaja mbio, akalowesha blanketi kwenye pipa la komoni, akajifunika, akaingia. Nilihesabu mpaka thelathini na nane. Sijawahi kuhesabu polepole hivyo. Akatoka amembeba mzee mgongoni, wote wakikohoa. Akina mama wa soko wakamwaga komoni yote juu ya paa. Moto ukazimwa kwa pombe! Ni aibu kwa kikosi.
Hapo ndipo wageni wakafika. Wakampa mkono Damari. Mimi wakaniuliza kwa nini nanuka mafuta ya taa.

Jumamosi, 6 Septemba
Mama Severina amesema yote. Mkuu hakufoka, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema mzee yule angekufa, na angekufa kwa mkono wangu. Nimetolewa kwenye gari, nalinda geti. Kila asubuhi nikakate nyasi za kuezekea upya paa la Mama Severina. Damari anakaimu Unaibu.
Mzee Asukile alikuja kunishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwokoa. Hakuna aliyemweleza. Nami sikumweleza. Chakula cha usiku nimekirudisha jikoni.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimepata nafuu. Kosa lilikuwa la upepo, Mungu anajua. Leo nimesikia Mkuu akisema wananchi wafundishwe pia uokoaji visimani. Ndiyo! Jumatano akipita kwenye kisima cha misheni, atakuta mtu ametumbukia na kujiokoa mwenyewe kwa ustadi. Mtu huyo ni mimi. Safari hii hakuna hatari yoyote, maana maji hayaungui. Kuogelea sijui, lakini hayo ni mambo madogo.