Mikaratusi Isiyolia

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Leo kaingia kijijini Masudi, mnunuzi wa miti kutoka Segese. Anatafuta matimba, yale magogo ya kuzuia udongo kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji dhahabu. Bei zake, mti ukiwa bado umesimama: mkaratusi elfu kumi, mjohoro elfu sita. Alipotajiwa mti wa msindano alicheka tu. Anataka lori moja, shamba moja. Wenye mikaratusi hapa ni wawili: mimi na jirani yangu Nkwabi. Yake imenyooka. Yangu ina tabia zake. Lakini mwenye shida ni mimi! Mke wangu Melania yuko Nyahanga kwa kaka yake, na watoto, tangu nyumba ivuje mvua zilizopita. Kasema harudi mpaka aone bati. Nimemkumbuka, sifichi. Nkwabi mke anaye, bati analo. Lori la nini tena?

Jumanne, 7 Oktoba
Akili imefanya kazi! Wachimbaji hupenda timba linalolia: likizidiwa linatoa mlio kwanza, watu wakimbie. Lisilolia hawaligusi hata bure. Basi nikaenda kunywa chai kwa Mama Paskalia, nikamnong'oneza kwamba mikaratusi ya Nkwabi hukatika kimya. Nikamsihi asimwambie mtu. Kwa Mama Paskalia hiyo ni sawa na kutangaza redioni.

Jumatano, 8 Oktoba
Balaa! Habari imemfikia Masudi, ila jina la Nkwabi limedondoka njiani. Sasa ni mikaratusi ya kijiji kizima! Kashusha bei mpaka elfu nne. Nikamkimbilia, nikamweleza kuwa mibovu ni ya Nkwabi tu, yangu inalia mpaka majirani hawalali. Akauliza miche nilitoa wapi. Nikajibu kwa Nkwabi, kabla sijawaza. Mdomo huu! Ikabidi niseme basi ijaribiwe hadharani, kesho.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilidamka kuandaa gogo langu. Nikalitia msumeno kidogo kwa chini, nikaziba na udongo, ili lilie mapema. Kitaalamu kabisa.

Watu wakajaa. Gogo linalazwa juu ya mawe mawili, mwenye mti anakaa katikati, magunia ya mchanga yanaongezwa. La Nkwabi lililia mpaka mbuzi wakakimbia. Naye akaruka salama, akashangiliwa. Langu halikusema neno. Nilijikuta chini, gunia tumboni. Herman, mchimbaji aliyekuja na Masudi, ndiye peke yake hakucheka. Alisema mdogo wake alibaki shimoni kwa gogo la namna hiyo. Nikampa pole sana. Kisha nikamuuliza duara hilo sasa linanunua matimba kwa nani. Akaondoka bila kuaga. Watu wengine biashara hawaijui kabisa.

Nkwabi kauza kwa elfu kumi na mbili. Mbili za juu ni kazi yangu, na hata asante hakusema!

Jumamosi, 11 Oktoba
Melania kaja! Habari zilimkuta huko huko Nyahanga. Mimi hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa Masudi, akamwambia achague mti mwenyewe, aukate mwenyewe, aujaribu mwenyewe. Ukalia vizuri sana. Masudi kakubali kuongeza na shamba letu, elfu saba kila mti, lori Jumatatu. Melania kasema lori likija, anabaki na watoto wanarudi. Lisipokuja, anaondoka, na safari hii na kitanda. Kazi yangu mimi ni moja tu: kunyamaza siku mbili. Nikakubali, tena kwa moyo wote.

Jumapili, 12 Oktoba
Elfu saba! Mwanamke huyu soko halijui. Tulipotoka kanisani nimemtumia Masudi ujumbe kwamba kuna tajiri wa Geita anatoa elfu kumi na tano, kwa hiyo awahi. Kajibu papo hapo: hongera sana ngosha, muuzie huyo. Kaingiwa na hofu! Namjua, kesho atakuja na ishirini. Melania sijamwambia bado. Yuko chumbani anatoa nguo zake kwenye begi, anaimba. Nataka nimshangaze.