Mchoma Nyama wa Migombani

Jumatatu, 12 Juni 1995

Nimepata ufundi mpya! Samira, jirani yangu anayeuza mitumba hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, kafungua belo, ndani kuna aproni. Imechorwa Mzungu anachoma nyama uani kwake. Siyo baa. Nyumbani! Watoto wanacheka, mke kaketi. Nimeichukua kwa mkungu wa ndizi.

Sababu ninayo. Jumamosi baba mkwe anakuja kutoka Kinyala. Ana mtamba mmoja wa kugawa, ng'ombe jike anayekaribia kuzaa, na nyumba zenye mtoto mdogo ni mbili: yetu, na ya Prisca wa Kyimo, mke wa shemeji yangu. Mwanangu Anyosisye ana meno manne tu na anakunywa chai ya rangi kama dereva wa lori. Mtamba lazima aje hapa, mwanangu apate maziwa.

Prisca atapika nyama ya sufuria kama siku zote. Mimi nitachoma.

Jumatano, 14 Juni

Jiko tayari: rimu kuukuu ya gari. Wavu nimeung'oa banda la kuku. Kuku wamelala jikoni. Mume wangu Lazaro kauliza kwa upole kama wamehamia. Nikamwambia siku hizi kila kitu ruksa.

Nimejaribu na ndizi. Mkaa umelowa, Tukuyu hii mvua haina adabu hata kiangazi. Nikamimina mafuta ya taa. Moto ukaruka, nyusi moja sina! Lazaro kala ndizi zote, kisha kaomba asisogezwe karibu na kiberiti, maana anajisikia kibatari. Lakini kala. Mume mzuri huyu.

Alhamisi, 15 Juni

Samira kanusa kutoka kwake, kaja mbio. "Shoga, unachoma au unafukuza mbu?" Kanielekeza. Mafuta ya taa mwiko. Mkaa uachwe mpaka uvae majivu. Nyama ilale na limau, tangawizi na kitunguu saumu. Na kubwa kuliko yote, usiondoke motoni, hata uitwe na nani.

Nikamjibu, niondoke niende wapi?

Ijumaa, 16 Juni

Prisca kapita makusudi. "Atupele dada yangu, nasikia kesho unamlisha mkwe moshi!" Nikamkaribisha aje aone. Atakuja, namjua.

Mpango ni huu. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Akitokea, unajificha. Jina lake hulitamki, hata humu siliandiki. Kwa hiyo yeye ataketi mbele, mimi nachoma nyuma, Lazaro anabeba sahani. Nimefikiria kila kitu.

Jumamosi, 17 Juni

Sikufikiria harufu.

Mwanzo ulikuwa mzuri jamani! Mkaa umevaa majivu, mbavu zinalia chaa, Anyosisye mgongoni anapiga makofi. Mtaa mzima unanusa. Najiona yule wa kwenye aproni kabisa.

Mara kikohozi. Mkwe! Harufu imemvuta nyuma ya nyumba! Nikatupa uma, mbio migombani. Aproni ikanaswa kwenye msumari wa mlango, nikaiacha hapo. Mkwe kanusa, karudi mbele. Nikatoka, nikageuza ubavu mmoja. Kikohozi tena! Migombani. Mtoto anaona ni mchezo, anacheka kila nikikimbia.

Prisca alikuwa uani anacheka kuliko mtoto. Kacheka mpaka kafumba macho. Alipofumbua, mkwe huyu hapa, uso kwa uso! Kakimbilia banda la kuku kujificha. Banda halina wavu. Kachuchumaa humo, anaonekana mwili mzima.

Na mimi migombani natazama mbavu zangu zinashika moto. Nililia. Niliona ni maziwa ya mwanangu yanaungua pale. Mguu mmoja ulitaka kutoka. Nikaukatalia.

Mkwe katazama jiko. Katazama migomba. Kavaa aproni yangu, kashika uma. Kisha akasema na mtoto aliye mgongoni kwangu, mimi akijifanya hanijui: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako nyama yake naishika mimi. Asitoke."

Jumapili, 18 Juni

Lazaro kamsindikiza baba yake stendi. Njiani mzee kasema nyama ile upande mmoja mkaa, upande wa pili bado inalia kama ng'ombe. Lakini siku nyingi hajaona mkamwana wa mjini anayeacha nyama iungue kuliko kuvunja heshima. Prisca, kasema, kamwona mpaka gego.

Jumanne, 20 Juni

MTAMBA KAJA! Mweusi mwenye baka jeupe usoni. Mkwe kamleta mwenyewe, nami nimempokea kwa shangwe kutoka migombani. Nimepiga vigelegele mpaka majani yakatikisika. Kasema "Ndaga fijo" kwa mjukuu, maana yake asante sana, ila najua ilikuwa yangu.

Mtaa mzima unasema mtamba ni wa heshima yangu. Heshima gani? Ni mbavu zile! Alitafuna mpaka mifupa, nilichungulia kwa jicho moja. Hata Lazaro nimemwambia, kaenda kumkatia mtamba majani. Kakubali.

Sasa mkwe kasema kila Jumamosi atakuja kumtazama mtamba wake. Vizuri! Nimekata mwanzi mrefu, nimefunga uma kwenye ncha. Nitageuza nyama nikiwa humuhumu migombani, nani atasema nimeondoka motoni? Kuku watazoea jikoni. Na mkaa ukilowa, chupa ya mafuta ya taa nimeshaificha kwenye mgomba wa mbele, karibu na mkono.